Ufunguo wa Kisima Niliukalia

Mshauri, salaam aleikum. Sijazoea kuomba, mimi ndiye huombwa, na nimesoma gumbaru tu, shule ya watu wazima, kwa hivyo usinicheke mwandiko, lakini nisaidie kabla silanga yetu, bwawa la maji ya mvua huku Eldas, haijakauka, maana maji yaliyobaki ni ya mwezi mmoja, halafu ngamia wote watarudi kwenye kisima cha mashine, na ufunguo wa mashine ninao mimi na hakuna anayejua.

Nimezaa wanaume wawili, wajinga wote wawili. Tangu vyama vingi vije kila mtu ana maneno ya utawala. Abdiwahid yuko kwenye kamati ya chifu inayoshika ufunguo wa mashine, anasema, "Hooyo, mama yangu, dunia inaongozwa na muhuri." Keynan alisoma dini Garissa, anasema amri ni ya Mungu peke yake na kufuli juu ya maji ni dhuluma. Maneno matamu. Nikawauliza, haya, kiangazi kikija nani atanywesha kwanza? Abdiwahid akataja watu wa kamati, Keynan akataja wenzake wa darasa la dini, nikaona kumbe kila mmoja anatazama ngamia wake tu. Baba yao, Mungu amrehemu, alisimamia zamu za kisima cha kamba miaka ishirini bila kufuli, na ngamia wake walikunywa mwisho, nami nikimnung'unikia kila kiangazi.

Basi wakashikana shingo mlangoni kwangu, ufunguo ukamtoka Abdiwahid ukaanguka mchangani, nikaukalia. Walipekua mpaka adhuhuri, "Hooyo, sogea kidogo," nikawaambia magoti yananiuma. Sasa uko ndani ya chombo changu cha maziwa cha harusi. Kila mmoja anaapa mwenzake ameuficha, hawali sinia moja, na vijana wa pande zote wameanza kuchonga rungu. Damu ikimwagika ni mimi. Nimpe nani? Na usinijibu kama unavyowajibu hao wasichana wako wa mapenzi.

Ebla, Eldas

Mama Ebla, aleikum salaam. Wasichana wa mapenzi huniuliza maswali mepesi kuliko lako, lakini hawakalii maji ya watu.

Uchungu wako nauona. Mama anayeona wanawe wameshikana shingo hana muda wa kufikiri, na siku ile ulifanya vyema. Kosa ni siku ya pili. Wanao wanadai utawala mbele za watu. Wewe umeutia kwenye chombo cha maziwa ukanyamaza, na mtawala asiyejulikana hakuna pa kumlalamikia.

Usiwaambie nyumbani. Wa kwanza kusikia atakuja na vijana wake. Ijumaa hii, watu wakitoka msikitini, chifu na wazee wa pande zote wakiwapo, keti mchangani kama siku ile, toa ufunguo, useme. Watakucheka. Waache wacheke, anayecheka hainui rungu. Kisha taja sharti la mumeo: atakayeshika ufunguo ngamia wake watakunywa mwisho, na akivunja ananyang'anywa palepale. Muhuri upigwe, dua isomwe, lakini sharti kwanza. Wanao wakilikataa, mpe atakayelikubali, hata akiwa mwana wa jirani usiyesalimiana naye.

Na kiangazi hiki, mama, mbuzi wako wanywe baada ya wote. Usinung'unike.