Kimya cha Kuuza

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana kutoka huku milimani. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na watoto, na kwamba yule mdogo ameshaota hilo jino lililokuwa linawakosesha usingizi. Sisi huku tunaendelea. Baba ana nafuu ukilinganisha na mwezi uliopita: anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na anamgombeza kila anayejaribu kumlisha. Unisamehe kwa kutopokea simu zako. Niliziona zote nikaziacha ziite mpaka zikakatika, si kwa jeuri, ila kwenye simu ulimi unanikwama, na wewe ni muuguzi, unajua kuuliza.

Naanza mbali kidogo, univumilie. Ulicheka sana mwaka juzi nilipokuambia naacha ukarani nirudi nyumbani nigeuze vile vyumba vitatu vya uani kuwa vya wageni. Ulisema nani atasafiri siku nzima aje kutazama mlima ambao sisi tuliutazama bure utoto mzima. Basi walikuja. Nilitoboa madirisha mapana yanayotazama vilele, nikajengesha baraza ya mbao, nikanunua mablanketi mazito. Mliponipa jina la Kimbelembele mlikuwa mnanitania, na mimi nilitaka kwa mara moja tu lionekane lina faida. Nikagundua kwamba wale watu wa mjini hawakufuata mlima peke yake. Walikuwa wamechoka na makelele, wanalala saa mbili usiku kama kuku. Nikachukua brashi na rangi, nikaandika kibao kwa mkono wangu, nikakisimika njia panda: Nyumba ya Kimya.

Lakini nyumba hiyohiyo ilikuwa na baba, na baba ni fundi bati. Unaijua karakana yake ilivyo karibu na uani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mvua au jua, alikuwa ameshaanza kugonga makarai na mifereji yake. Mgeni mmoja, mwalimu wa muziki, alikunywa chai yake yote, akashukuru, kisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba kibao changu kinasema uongo. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilikwenda kuzungumza na baba. Alicheka, akasema bati halijui kunong'ona. Baadaye alinionea huruma, tukakubaliana: nikiwa na wageni nitaanika taulo la kijani kwenye uzio, na likiwa pale yeye hatagonga, atapima tu na kukata. Mwanzoni alilifanyia mzaha, akawa anapita karibu nalo na kuliamkia shikamoo. Kisha wageni wakaongezeka, taulo likawa linakaa wiki nzima, na wateja wake wakapeleka kazi kwa fundi mwingine. Alikuwa anashinda karakanani akisugua nyundo ambazo hazikuwa na kutu. Nilimwona, nikajifanya hamnazo. Wewe nilikuambia ameamua mwenyewe kupumzika. Haikuwa kweli.

Na Bibi Redio naye. Jirani yetu huyo, mbali na kutangaza habari za kila mtu, tangu mama afariki alikuwa anamsikiliza baba. Nyundo isiposikika mpaka chai yake ichemke, alikuwa anakuja na fimbo yake kuuliza kulikoni. Kuna siku alimkuta baba amepitiwa na usingizi tu, akamtukana kwa kumpa kazi ya kupanda kilima bure. Nilipoanzisha mambo ya taulo nilimfuata yeye pia, nikamwambia asihangaike tena kukiwa kimya. Akaniuliza sasa atajuaje kama mzee yupo. Nikamjibu kwamba mimi nipo.

Dada, nilikuambia baba alianguka saa sita mchana na kwamba nilimkuta papo hapo. Umeniuliza saa hiyo mara tatu, na mara tatu nimekudanganya. Alianguka saa moja asubuhi. Mimi nilikuwa nimeondoka alfajiri kwenda sokoni bondeni kununua mashuka mapya, na nilirudi saa saba. Nilimwita aje kula, hakuitika, nikaingia karakanani na kumkuta sakafuni, macho wazi, upande wote wa kulia umekufa ganzi. Bibi Redio alikuwa amepalilia maharage yake asubuhi nzima upande wa pili wa uzio. Daktari alisema angefikishwa mapema zaidi, huenda mkono ungepona. Nilikuficha maneno hayo kwa sababu nilijua utahesabu saa.

Wiki iliyopita maneno yake yalianza kueleweka. Nilimuuliza kwa nini hakuita. Alisema sauti haikutoka. Lakini nyundo ilikuwa palepale kwenye mkono wake mzima, na karai lilikuwa ubavuni mwake. Nilimuuliza kwa nini basi hakugonga, hata mara moja, Bibi Redio angesikia. Alinitazama kama aliyeulizwa jambo la kitoto. Alijibu neno mojamoja kwamba taulo lilikuwa limeanikwa.

Kisha akataka kujua kama wageni hawakusumbuliwa na vile vilio vyangu alipokuwa anabebwa. Nilimwambia hawakusumbuliwa. Alifurahi, dada. Alinipigapiga mkono akalala.

Hapakuwa na mgeni hata mmoja. Wa mwisho waliondoka jana yake mchana, na mimi nikasahau kuanua taulo.

Sijamwambia. Kila asubuhi nampelekea uji nikiwa nimepiga moyo konde, na kila asubuhi natoka na bakuli tupu. Vyumba nimevifunga na roho inanisuta mchana kutwa. Njoo, tafadhali. Unigombeze utakavyo, nimestahili, lakini unisaidie kujua kama nimwambie au nibaki nalo mwenyewe, maana nikimtazama usoni akili inanihama.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu mmojammoja. Bibi Redio anakusalimu, anauliza kama bado hupendi kitunguu. Baba anakuomba umletee miwani ya kusomea. Hii barua usimsomee atakapokuomba. Mwambie niliandika habari za mvua tu.

Ni mimi mdogo wako,
Kimbelembele