Kibambazi yangu ya kwanza

Jocelyne, soma tu, usinipigie simu. Niko pa chantier, pa kazi ya kujenga, najificha mu choo.

Leo njo mara ya kwanza tata Ntambwe, fundi wangu, ananiachia kibambazi muzima, ukuta yote, nipige crépi, niipake plasta, mi peke yangu. Ya salon, sebule ya mama Ngalula.

Muchanga inaisha. Ananiambia, "Kamata ile ya nyuma ya nyumba." Naenda, naona fungu moja chini ya turubai ya bâche, ya kuchungwa muzuri sana. Nachanganya na sima ya kujengea, napiga crépi asubuhi yote.

Tata Ntambwe anapitisha mukono juu ya kibambazi, anasema, "Naomie, sasa unajua kazi." Ule mutu hajanisifu hata siku moja.

Saa hii Modeste, mutoto wa mama Ngalula, ule creuseur, muchimbaji wa shaba, anarudi. Anaangalia bâche. Anaangalia kibambazi, iko na kijani kidogo. Anauliza pole pole, "Minerai yangu iko wapi?"

Minerai, Jocelyne, mawe ya shaba. Nimecrépir salon na minerai. Yeye na benzake balitwanga ile juma muzima.

Naangalia tata Ntambwe. Anasema, "Mi nilisema muchanga."

Sasa beko banaitoa na patasi. Mama Ngalula anasema bakimaliza nianze tena.

Bananiita nikuye kushika mufuko ya kutilia minerai. Nimeshaushika mara moja, hakuna kitu inaingia. Modeste anapiga patasi, anatokwa jasho, inaanguka vumbi tu.

Tata Ntambwe alisema kweli. Kazi yangu inashika. Haitoki.