Kilio Alichokitunga Jamra

Kambini kando ya mto, 9 Rajabu 168 Hijria

Kaka Shabibu,

Salaam nyingi. Sisi wazima, ila Mama kifua kinambana akilala chali. Wewe u hali gani? Ananiandikia karani wa zaka. Anataka kuninyooshea maneno. Nimemwambia akinyoosha hata moja, nami nitamnyoosha yeye.

Binamu Hudaba amerudi kutoka soko la Mirbadi, huko Basra. Anasema alikuona msikitini, kwenye darasa la wanasarufi, ukitoa beti za Mabedui ziwe ushahidi wa Kiarabu safi. Ukasoma: "Ewe kisima, nirudishie aliyekuchimba." Wote wakaandika. Shekhe akakuuliza umeusikia kwa nani ubeti huo, ukajibu: kwa Abu Dughaishi.

Abu Dughaishi! Yule mlevi wa sokoni, asiyeweza kumlilia hata punda wake! Kisima kilimfukia kaka yetu Mudriki, Mama akamlilia siku saba, nawe ulikaa pembeni na kalamu yako. Mimi mjinga nilidhani unaandika huku unalia.

Kabla ya Ramadhani simama palepale, uwaambie ni maneno ya Jamra, mama aliyekunyonyesha. Sitaki kingine.

Dada yako wa ziwa moja,
Umaima

Basra, 2 Shaabani

Dada Umaima,

Waalaikumu salaam. Mimi mzima, alhamdulillahi. Namletea Mama asali ya kifua. Mchanganyie na maji ya uvuguvugu.

Una haki ya kukasirika, lakini hulijui darasa hili. Tangu mhamie mtoni mkawa mnanunua unga kwa wanavijiji wa Kiajemi, shekhe hapokei neno la ukoo wenu. Anasema ndimi zenu zimeharibika. Anawataka Mabedui wa jangwa la ndani, na Abu Dughaishi anatoka huko. Ningemtaja Mama, wangeufuta ubeti wote. Na mimi ni nani? Mtoto wa mfumaji wa Kiajemi. Wanangoja nijikwae wanicheke. Mwaka huu ndio kwanza nimeruhusiwa kufundisha.

Ubeti umeandikwa, utaishi. Jina lina uzito gani mbele ya hilo? Tafadhali, Mama asijue.

Kaka yako,
Shabibu

Kambini, 20 Shaabani

Kaka, salaam.

Karani alisoma barua yako kwa sauti, na Mama alikuwa amekaa papo hapo. Asali hajaigusa.

Ndimi zetu zimeharibika? Ulikuja kwetu hujatimiza miaka miwili, hujui hata kuomba maji! Huo ulimi unaoringia Basra ni wa Mama. Na mtoni tulihamishwa na ukame ulioua ngamia, si uroho wa unga. Mwambie hivyo shekhe wako.

Mama anataka kumsikia mwanawe akifundisha. Tunakuja.

Dada yako,
Umaima

Kambini, 11 Shawwali

Shabibu mwana wa mfumaji,

Sikuulizi hali.

Ulituona tulipoingia, usikane. Mama alisimama nyuma ya wanafunzi, ameshika nguzo kwa ajili ya kifua chake, akausoma utungo wote, pamoja na beti ambazo hukuwahi kuziandika. Shekhe akamwuliza kwa upole, "Bibi, umejifunza kwa nani?" Mama akakutazama wewe. Shekhe naye akakugeukia: "Unamfahamu?"

Ukainamia kalamu yako ukasema, "Wako wengi sokoni wanaokariri ya Abu Dughaishi." Wakacheka, nawe ukacheka nao.

Nilitaka nikutukane mbele yao, Mama akanivuta mkono. Tulipofika kambini alikaa chini akajifunika, akakulilia siku saba, sawasawa na alivyomlilia Mudriki. Wanawake wa ukoo walikuja kuhani. Mimi sikuweza kulia kwa hasira, lakini nilisikiliza, na nakwambia kweli: kilio chako ni kizuri kuliko kile cha kisima. Hajawahi kutunga vile.

Hutakisikia. Ametuapisha sote tusikisome mbele ya mtu mwenye wino. Hata karani huyu tulimfukuza hemani.

Usije. Huku umeshazikwa.

Umaima binti Jamra