Gari la Bado Kidogo

Mwaka umekatika, Baba, tangu Mama arudi kutoka sokoni akakukuta umekaa chini bandani, mgongo umeegemea tairi la mbele la gari lako, kitambaa cha kufutia kikiwa bado mkononi. Alidhani umepumzika. Aliweka kikapu chini akaanza kukusimulia habari za sokoni, nani kakutana na nani na nani kamnunia nani, na alisimulia kwa muda kabla hajagundua kwamba anasema peke yake.

Tunakuandikia hapa gazetini ili na wengine wasome, kwa sababu kuna jambo tulilitangaza siku ya mazishi yako ambalo halikuwa kweli. Tutalifikia. Kwanza tukukumbuke kama watu wengine wanavyokumbukwa.

Ulikuwa kinyozi, na mkono wako ulikuwa mwepesi kiasi kwamba watoto wachanga walinyolewa wakiwa usingizini. Wanaume wa mtaa mzima walitoka kwako na kichwa safi na habari zote za mtaa. Aliyekuja na msiba hukumpigia stori. Ulimnyoa taratibu, ukamfuta shingo, ukamwacha akae kitini kadiri anavyotaka. Wazee wasioweza kutoka nyumbani uliwafuata na mkoba wako. Ulipenda chai yenye sukari kupita kiasi, ulilala redio ikiongea, na hukuweza kupita mlango wa mtu uliolegea bila kuutafutia bisibisi. Mlango wa jikoni kwetu tu ndio hukuwahi kuugusa, na Mama hakuchoka kukukumbusha.

Halafu lilikuja gari. Mteja wako mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa nalo uani kwake, gari la zamani lenye taa za duara, limekufa siku nyingi na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Alikuambia ukiweza kulitoa ni lako. Ulilitoa. Lilifika kwetu likivutwa kwa kamba, vijana wanasukuma nyuma, na wewe umeshika usukani, kifua mbele, unawapungia watu mkono. Mama alisimama mlangoni akauliza swali moja tu: kati yenu wawili, nani sasa atalala nje.

Hukuwa fundi wa magari na hukujidai. Ulijifunza kwa kufungua, kisha kwa kufungua tena ulichokifunga vibaya. Uliingia bandani na desturi zako za kinyozi. Vumbi la kabureta ulilipangusa kwa brashi ya ndevu. Kabla ya kupaka rangi ulilifunika gari shuka yako nyeupe ukaibana kwa pini. Ulipopiga msasa kwenye madigadi ulikwenda upande mmoja tu, ukatuonya kwamba ukienda kinyume litatoka vipele. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Rangi ilipokauka tulijitazama humo kama kwenye kioo, tukaacha kucheka.

Wateja walikuuliza huku unawanyoa, vipi, gari limekwisha? Ukajibu, bado kidogo. Mwaka uliofuata wakauliza tena, ukajibu vilevile. Mwishowe jina lako likasahaulika ukabaki Bado Kidogo. Mama akawa mke wa Bado Kidogo, na sisi shuleni tukaitwa watoto wa Bado Kidogo, hata na walimu. Hukununa. Ulisema kuna watu wanaitwa majina mabaya zaidi na wanaitika.

Mama alijifanya hataki hata kuliona. Lakini viti vyote alivishona yeye, kwa kitambaa cha bluu chenye mistari, na kilichobaki akakifanya mapazia ya sebuleni. Na kila alasiri, ukishafunga duka lako la kunyolea, alichukua sinia la maharage akaenda kukaa kiti cha mbele, upande wa abiria, akawa anachambua, na wewe uko chini ya gari. Maongezi yenu ya miaka ile yote yalipita kwenye sakafu ya gari. Tulisikia sauti yake juu na yako chini, mkitujadili sisi, mkinung'unikiana, mkicheka. Ulimwahidi kwamba siku injini itakapowaka, abiria wa kwanza ni yeye, na safari ya kwanza ni kwa dada yako. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa kiti kile, hata kwa utani.

Siku ya msiba wako tulikuwa hatusemezeki. Kaka yetu mkubwa alishika neno moja akawa analirudia tu, kwamba umekufa hujaisikia ikiwaka. Kazi yote ile, na hukuisikia. Ndipo alipoingia Dereva, jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta, yule aliyeendesha malori mpaka akastaafu. Alikaa karibu na Kaka, akamshika goti.

"Aliisikia," alisema. "Asubuhi ile iliwaka. Mimi nilikuwa hapo nyuma ya ukuta, na kwa sauti ya injini mimi hunidanganyi. Iliwaka, ikanguruma, akaizima mwenyewe."

Hatujui tukueleze vipi maneno yale yalitufanyia nini. Kaka aliinua kichwa. Dada alicheka na machozi yanamtoka. Tulipokuwa tunasoma wasifu wako mbele ya watu tukalitia na hilo, kwamba Bado Kidogo alimaliza, na watu wakanong'onezana kwa furaha palepale makaburini. Mwaka mzima tumeishi kwa sentensi ile. Siku ambazo chakula hakikushuka, mmoja wetu alisema, lakini aliisikia, na tukaendelea kula.

Mama peke yake hakuwahi kuitamka. Tulidhani ni uchungu.

Basi mwaka ulipokaribia kutimia tukapanga kuliwasha gari, tulilete kaburini kwako, Mama akiwa kwenye kiti chake. Tulipomwambia, alisema tufanye tunavyoona. Tukamwita fundi mwenye gereji barabara kuu. Alilizunguka gari mara kadhaa, akaipapasa rangi, akafungua boneti akaisifu injini kwa usafi wake. Kisha akalala chini, akafungua bakuli la oili lililo chini ya injini, akaingiza mkono ndani akapapasa. Alipotoka alikuwa anajifuta mikono bila kututazama usoni.

"Hii injini ni ganda," alisema. "Ndani hamna krenki."

Tulimwuliza krenki ni kitu gani. Akatueleza kwa upole kwamba ni kile chuma kizito chenye mikunjo kinachozungushwa na pistoni zikipanda na kushuka, na bila hicho, hata ukimwaga petroli pipa zima, hakuna kitakachozunguka. Kaka akamwuliza, sasa mwaka jana iliwakaje? Fundi akasema haikuwaka. Vile ilivyofungwa, haijapata kuwaka.

Tulisimama pale kama watu waliofiwa upya. Kisha, kwa kunong'ona, tukakubaliana upesi: Mama asijue. Fundi aseme betri imekufa. Fundi wa watu alikubali shingo upande.

Mama alikuwa ametuandalia chai. Alimmiminia fundi, akamsogezea sukari, akaisikiliza habari ya betri mpaka mwisho. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na krenki umeiona?"

Fundi alipaliwa na chai.

Mama aliweka birika mezani. Aliinuka, tukamfuata mpaka chumbani kwenu. Akafungua kabati la nguo, akasukuma magauni yake upande mmoja. Kule kwenye pembe kulikuwa na kitu kimesimama wima, kimevikwa shuka yako nyeupe ya kinyozi, imebanwa juu kwa pini. Alituambia ulimwagiza isilazwe, kwa kuwa ikilazwa inapinda. Akaitoa shuka. Chuma kilikuwa kinang'aa, kimepakwa oili mbichi. Ndipo tulipojua kwa nini nguo za Mama zilinuka gereji mwaka mzima.

Fundi alipiga goti, akapitisha ukucha wake polepole kwenye kiungo kimoja, akaurudisha tena palepale. Akasema kuna ufa.

"Alijua," Mama alisema.

Alikaa kitandani akatusimulia. Ulikuwa umeitoa krenki miaka kadhaa kabla hujafa, ukaiosha, na ufa ukakutazama. Wachomeleaji wote uliowapelekea walikataa kuigusa. Ulitafuta nyingine kila ulikosikia kuna gari kama lile, ukakuta yote yalikwisha kuuzwa kama vyuma chakavu. Siku uliyokata tamaa uliingia nayo chumbani imekulowesha shati kwa oili, ukamwonyesha Mama mahali penyewe. Alikuambia basi, liuze, yaishe. Naye alitutajia ulivyomjibu, neno kwa neno: "Nikiacha, jioni nitakwenda wapi? Na wewe na maharage yako mtakaa wapi?"

Kwa hiyo uliifunga injini ikiwa tupu, panya wasije wakazaa humo, na krenki mkaihifadhi kabatini nyinyi wawili. Ukarudi kwenye msasa wako. Ukarudi kwa wateja wako na jibu lako. Ulijua, Baba. Kila tulipokuuliza ukatujibu bado kidogo, ulikuwa unajua kwamba haitawaka kamwe, na tukikumbuka sauti yako hatuoni popote ilipotetereka.

Dada alimwuliza Mama, je, Dereva alipokuja na habari yake?

"Nilijua anadanganya kabla hajafika mwisho," Mama alisema. "Nilitaka nimwambie anyamaze. Nikawatazama nyinyi. Mlikuwa mmeacha kulia."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka mzima sisi tulikuwa na faraja yetu, na yeye hakuwa na hata chembe. Alikaa nasi mezani akatusikiliza tukiambizana kwamba uliisikia, akatupakulia, akaenda chumbani kupaka oili chuma chenye ufa. Hatujui alikuwa anajiambia nini, na tulipomwuliza alisema hakuwa anajiambia kitu.

Kaka alikwenda kwa Dereva amepandisha hasira. Dereva hakubisha. Alisema alimwona mtoto wa rafiki yake anavunjika mbele ya macho yake, akasema cha kwanza kilichomjia mdomoni. Kaka akamtaka aseme basi ukweli, asubuhi ile alisikia nini. Dereva akasema alikusikia ukipiga mluzi, ule wako usio na wimbo, kisha ukanyamaza. Hakutuambia hilo siku ile kwa sababu aliona halitoshi. Alikuwa sawa, halitoshi.

Mvua za mwaka huu ziliangusha paa la banda upande mmoja, na maji yakaanza kuingia kwenye viti. Ni Mama mwenyewe aliyesema gari liondoke. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja wiki iliyopita na lori na kamba. Kaka akashika usukani wa gari lako. Tulikuwa tunafungua geti Mama alipotoka ndani amevaa gauni lake la kutokea, kikapu mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa abiria, akaingia, akakaa. 

Lilitoka getini polepole, Baba, linang'aa kuliko gari lolote lililowahi kupita mtaa ule. Watu walitoka madukani. Labda hawakuiona kamba, labda waliiona wakafumba macho. Kuna waliopiga makofi. Fundi viatu wa pale kwenye kona, mteja wako wa siku zote, alisimama na kiatu cha mtu mkononi akauliza, "Shemeji, limekwisha?"

Mama alishusha kioo.

"Bado kidogo," alisema.

Kwenye njia panda aliomba ashushwe. Alifunga mlango kwa kidole kimoja, nao ukakaa mahali pake bila kubamizwa, kama ulivyoutengeneza. Akarudi nyumbani kwa miguu na kikapu kitupu. Kaka alilisindikiza gari mpaka kwenye uwanja wa vyuma, akawakabidhi, akaondoka kabla hawajaanza kulikata.

Yule mnunuzi alikuwa ameuliza kama kuna chuma kingine kimebaki ndani, na Mama akamjibu hakuna. Krenki ipo kabatini, imesimama kati ya magauni. Haina gari tena, na haitapata. Mama huifuta na kuipaka oili saa zile ulizokuwa unafunga duka, kisha anakaa kitandani na sinia lake la maharage.

Kwa hiyo waliokuwapo mazikoni kwako wajue: hukuisikia. Hatuna cha kukutuliza nacho, na cha kujituliza sisi tumekirudisha kwa mwenyewe, Dereva. Tulichobaki nacho ni wewe, jinsi ulivyokuwa, umelala chini ya gari unamjibu mkeo.

Unakumbukwa na mkeo. Na wanao, Kaka mkubwa, Dada na mumewe, na kitinda mimba wako ambaye ndiye ameandika haya. Na dada yako, shangazi yetu, ambaye Mama aliahidiwa kupelekwa kwake kwa gari. Na wajukuu wako. Na Dereva wa nyuma ya ukuta, ambaye ameomba jina lake liwepo nasi tukaliweka. Na wateja wako wote, wanaonyolewa sasa kwa mtu mwingine, vibaya.

Mlango wa jikoni bado umelegea. Hatukusahau, Baba, na hatutakusahau.