Karatasi ya Council Ukutani

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi, Ruiru, tarehe 4 Juni 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi.
Jina: Wilkister Aketch Obiero. Umri: miaka 46. Kazi: kukaanga na kuuza samaki. Makao: Makongeni, Thika.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina akili timamu, na ninasema hivyo mapema kwa sababu tangu jana watu wananiangalia kama mtu asiye nazo.

Msichana wangu Becky alimaliza kidato cha nne mwaka jana, akapata C. Tangu akiwa mdogo anataka kuwa nesi. Mwezi wa pili mwaka huu alipata barua kutoka chuo cha uuguzi cha hospitali moja ya misheni. Waliandika gharama zote za miaka mitatu na nusu, mpaka viatu, mpaka ada ya mtihani wa Council. Council ni baraza la wauguzi, bila wao hakuna nesi. Chini kabisa walijumlisha: laki tano na elfu arobaini. Niliifunika hiyo barua na kitabu cha nyimbo nikaenda kugeuza samaki.

Mnamo tarehe 18 Februari, saa tano asubuhi, nilienda na Becky kwa chuo cha Bw. Njau, kilicho juu ya duka la rangi karibu na Kamakis, hapa Ruiru. Tangazo lake lilisema elfu thelathini kwa muhula. Nami, na hili naliandikisha kwa aibu, nikalinganisha elfu thelathini na laki tano. Sikuuliza mihula ni mingapi. Niliuliza kama kuna pesa zingine, akasema, "Hizo tutaongea, mama." Tumeongea kila mwezi tangu siku hiyo: sare, maabara, na maktaba ambayo ni kabati.

Lakini jambo moja niliuliza, na Becky alisikia. Nilimwambia, "Mko na karatasi ya Council?" Akanyoosha kidole ukutani. Kulikuwa na karatasi ndani ya fremu, yenye nembo na muhuri. Akasema, "Ile pale. Council hawawezi kutusumbua." Miwani nilikuwa nimeiacha kwa kibanda. Nikalipa. Jioni nikapigia chuo cha misheni, nikawaambia wapee mtu mwingine nafasi ya Becky. Hata niliongea kwa madaha.

Mnamo tarehe 2 Juni, saa mbili asubuhi, Becky alifika hospitali moja ya Thika kuanza mafunzo ya wodi, akiwa na barua ya Bw. Njau. Sare nilimpigia pasi mimi mwenyewe. Msimamizi wa wodi, Sista Wakonyo, alimuuliza nambari yake ya indeksi. Ni nambari ambayo Council hupatia kila mwanafunzi wa uuguzi. Becky hakujua, akampa ile aliyofanyia mtihani wa kidato cha nne. Sista hakumcheka. Alimwambia, "Mtoto wangu, Council hawajui hicho chuo. Rudi nyumbani." Becky alitembea kwa miguu mpaka Makongeni, amevaa sweta juu ya sare, na jua lilikuwa kali.

Tarehe 3 Juni, saa tatu na nusu asubuhi, nilienda Kamakis nikiwa na miwani. Sikusalimia mtu. Nilipanda juu ya kiti nikaisoma ile karatasi. Yawa, ilikuwa leseni ya biashara. Ya kanjo, wale wa kaunti wanaotutoza ushuru. Sisi watu wa biashara huwaita kanjo Council, hata mimi. Nilimwambia Bw. Njau, "Hii ni ya kanjo." Akajibu, "Sasa mama, si uliuliza Council? Si ni hao?" Nikaketi kwa kiti chake, nikakataa kutoka. Ni yeye aliyeita polisi, akisema namharibia biashara. Nilifurahi walipokuja.

Leseni kama hiyo ninayo. Imebandikwa kwa kibanda changu, juu ya karai la mafuta, na kila mwaka nailipia. Karibu miezi minne nimesomesha mtoto unesi kwa leseni sawa na ya kukaanga samaki, na sikuitambua kwa sababu yake ilikuwa na kioo.

Jana jioni nilipigia tena chuo cha misheni. Mama wa usajili alisema kwa wanaoanza Septemba imebaki nafasi moja, atatushikia mpaka Ijumaa, tarehe 6, saa kumi jioni. Wanataka malipo ya kwanza. Hayo malipo ya kwanza ndiyo Bw. Njau alikula. Sitaki kuambiwa pole, nimeambiwa ya kutosha. Nataka arudishe pesa kabla ya Ijumaa. Becky hajavua hiyo sare tangu Jumatatu. Analala nayo, na mimi sina mdomo wa kumwambia aitoe.

Maelezo yangu yanaishia hapo. Nimeyasoma, na pale palipoandikwa "chuo cha Bw. Njau" nimeomba neno chuo likatwe.

Sahihi ya shahidi: W. A. Obiero

Maandishi ya afisa: Mimi, Konstebo Muoki, nimeandika maelezo haya jinsi shahidi alivyoyatoa kwa Kiswahili. Alivaa miwani akasoma kila ukurasa mwenyewe. Kabla ya kutia sahihi aliuliza muhuri wa kituo ni wa nani hasa. Nilimweleza. Akauliza tena.