Mdakaji Aliyekwenda Kitomanga

Mchinga,
21 Aprili 2024

Mpwa wangu Siti,

Pokea salamu za nyumba nzima, na pole na masomo. Sisi hapa wazima, isipokuwa goti langu la kulia, ambalo wewe muuguzi mtarajiwa utalijua zaidi ukifika. Mama yako anauliza kama chakula cha chuo kinashibisha. Barua hii nimempa kondakta wa basi la Mtwara kwa sababu simu yangu ikifika dakika ya tatu inazima, na habari niliyo nayo dakika tatu haziitoshi.

Nimefanya mabadilishano ya wachezaji.

Nianze mwanzo. Mzee Likowe ametutoka Idi mosi, Mungu amrehemu. Unakumbuka ni yeye aliyempa kiwanja yule mwalimu wa Kijapani aliyetuletea besiboli, wakati mimi na wenzangu tulikuwa tunasema huu si mchezo, ni watu wazima kufukuzana na gongo. Basi watani wakaja msibani kutoka Kitomanga, wakiongozwa na Romani mwenye timu yao, wakafanya yao. Walilala njiani mbele ya jeneza wakidai marehemu hajafa, anakimbia kufungwa na Kitomanga. Wakatia chumvi kwenye chai. Wakabeba sufuria. Romani alipoona sufuria haimtoshi, akamshika mkono Mfaume, mdakaji wetu anayepokea mipira unayorusha, aliyekuwa anachota maji, akampakia kwenye bodaboda pamoja na glavu yake na kutangaza kwamba huyo ni mateka, tukamkomboe kwa jogoo.

Mwenyekiti mwingine wa timu angepeleka jogoo siku ileile. Mimi nilikaa nikafikiri. Mfaume asili yake ni hukohuko Kitomanga, hapa alikuwa anaishi kwa dada yake tu. Nikamtumia Romani ujumbe: jogoo hupati, Mfaume kaa naye, nipe Abilahi. Abilahi ni yule mpigaji wao mwenye shingo nene, ambaye mwaka jana alipeleka mpira wetu mikoroshoni na mpaka leo haujaonekana. Romani alikubali papo hapo.

Najua kijiweni wanasema nimepigwa. Waseme. Mfaume ana mikono mizuri, sikatai, lakini miguu yake mizito na kabla ya mechi anakula sahani mbili. Halafu zile ishara anazokupa kabla hujarusha. Daftari langu linazo zote: kidole kimoja, mpira ulionyooka, viwili, mpira wa kupinda, ngumi, subiri. Sasa niambie wewe mrushaji wake, akigusa sikio la kushoto ni mpira gani? Nimemwangalia mechi kumi na moja. Akigusa sikio, wewe unarusha wowote tu. Mdakaji mwenye ishara isiyo na kazi simwamini.

Nane Nane tunacheza nao hapa kwetu. Ukirusha wewe na akipiga Abilahi, Romani atarudi kwao kwa miguu.

Mjomba wako,
Abdala


Mtwara,
3 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Lipake mafuta ya moto jioni na usilikalishe kwenye benchi la uwanjani saa nne mfululizo. Mimi mzima, chakula kinashibisha, mtihani wa mwisho ni wiki ya kwanza ya Julai. Msiba wa Mzee Likowe umeniuma. Yeye ndiye aliyenipa mpira mara ya kwanza, aliponiona nafukuza ngedere kwa mawe kwenye shamba la mama na kila jiwe likampata ngedere niliyemkusudia.

Kuhusu mabadilishano yako, mjomba, sikufichi: nimekasirika. Nimeisoma barua yako mara mbili mpaka wenzangu wa bwenini wakauliza nani amekufa tena. Abilahi anapiga mpira mmoja kati ya kumi, na huo mmoja ndio unaomfanya usahau tisa. Mfaume mwaka mzima ameacha mipira minne tu impite. Minne. Ninaijua yote, na miwili niliirusha vibaya mimi. Mrushaji anarusha kwa kumwamini anayedaka, na mimi sijapata mwingine wa kumwamini hivyo. Uzito wa miguu yake haukuhusu, hakimbii mbio za Olimpiki. Na hizo sahani mbili ni mapishi ya dada yake, hata wewe ungekula tatu.

Ishara ya sikio iache. Si kila kitu cha uwanjani ni cha daftari lako.

Kuna jambo jingine. Mwezi huu watakuja wageni kwako. Nakuomba sana, mjomba, uwapokee kwa heshima na uwasikilize mpaka mwisho. Zaidi ya hapo siwezi kuandika, maana si adabu mimi kujisemea. Baba mdogo ndiye atakayesimama mwishoni, lakini kwetu neno lolote linaanza kwa mjomba, na wewe unalijua hilo.

Mpwa wako,
Siti


Mchinga,
24 Mei 2024

Siti mpwa wangu,

Hujambo, na bidii yako iko vipi? Huku mvua zimekatika, afya zetu njema, goti nimelipaka mafuta na sasa linanukia kama sambusa.

Hasira zako nimezisoma na nimefurahi. Mchezaji asiyekasirika timu yake ikipanguliwa, huyo hana timu. Lakini hesabu ya Abilahi umekosea. Ni miwili kati ya kumi, nimeangalia.

Sasa wageni. Nilielewa upesi, wewe usingeandika kwa kuficha hivyo kama si jambo kubwa. Ni watu wa timu ya taifa, sivyo? Wamekuona huko Mtwara wakaona wafike kwa mzee wako kwanza. Sikumwambia mtu. Nilichinja mbuzi nikasema ni sadaka ya marehemu. Nilivaa kanzu siku tano mfululizo na kulipanga daftari langu mezani, wasome wenyewe jinsi unavyopindisha mpira.

Siku ya sita, nani anaingia uani? Romani. Amevaa kofia mpya na koti la sherehe, nyuma yake wazee wawili wa Kitomanga wenye nyuso kama za baraza la kata. Akakaa mkekani, akakohoa, akatoa bahasha iliyofungwa kwenye leso nyeupe. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kumsikia nayo maisha yangu, "Tumeona ua katika nyumba hii, tumekuja kuomba tulichume."

Nusura nianguke kwa kicheko. Huyu mtu ameiba sufuria yetu, amebeba mdakaji wetu, sasa amekuja kuniibia mrushaji mchana kweupe, na utani wake ameuvalisha koti! Nikajua kabisa: Kitomanga wana mdakaji, wanatafuta wa kumrushia. Nami nikamjibu kimtani. Nikamwambia ua hili mahari yake ni mrushaji wa mkono wa kushoto, glavu tatu, na Romani mwenyewe aoshe sare zetu mpaka mwakani. Wale wazee wakatazamana. Romani akasema, "Abdala, leo sijaja hivyo." Nikacheka zaidi, nikachukua maji ya kunawia nikammwagia miguuni. Wakaondoka bila kula. Bahasha waliiacha mkekani. Nimeiweka kwenye daftari kushika ukurasa, na leso imefaa sana kufutia glavu.

Watu wa timu ya taifa bado hawajafika. Mbuzi amekwisha, lakini wakija nitapata mwingine.

Mjomba wako,
Abdala


Mchinga,
20 Juni 2024

Siti,

Salamu. Je, u mzima? Idi ya kuchinja imepita na hatukupata neno lako, na si kawaida yako. Najua mtihani uko karibu. Nikukumbushe kula.

Abilahi amekosa mipira kumi na nane mazoezini. Nakuambia wewe peke yako.

Jambo lingine dogo. Romani nilikutana naye mnadani Jumamosi. Nikamwita mwizi wa sufuria kama siku zote. Akaniamkia kwa adabu, akapita. Tangu tumezaliwa Romani hajawahi kuniheshimu. Nimerudi nyumbani sina raha.

Mjomba wako,
Abdala


Mchinga,
29 Juni 2024

Siti mwanangu,

Sijui nianzie wapi leo, kwa hiyo nakuuliza hali tu. Mama yako ameongea nawe kwa simu, anasema uko salama lakini hukutaka kunisalimia. Sijawahi kukuudhi hata ulipokuwa mdogo. Kama nimekosa, niambie nimekosa wapi. Hata kwa mistari miwili.

Mjomba


Mtwara,
5 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mtihani nimemaliza jana, namshukuru Mungu. Goti lako linaendeleaje?

Nimekaa kimya kwa sababu kila nilipoanza kuandika niliandika maneno ambayo mpwa hamwandikii mjomba wake. Nimechana karatasi nyingi. Leo nitasema, na adabu utanisamehe.

Fungua ile bahasha.

Haikuwa utani. Ni posa ya kweli, imetoka kwa wazazi wa Mfaume. Wale wazee wawili mmoja ni baba yake. Romani walimwomba awe mshenga kwa kuwa ndiye anayejulikana nyumbani kwako, na alikataa mara mbili akisema, "Abdala hataniamini, nikivaa hata joho atanicheka." Mfaume ndiye aliyemshikilia. Ukamwaga maji mbele ya baba mkwe wangu, mjomba. Yule mzee amerudi Kitomanga akisema Mchinga wamemfukuza. Mfaume amenipigia simu, anauliza kama aendelee kungoja au aachane na neno hili. Nimemwambia angoje. Lakini siwezi kumwambia angoje mpaka lini.

Umetutazama mechi kumi na moja na daftari mkononi, umeandika kila kidole, na hukuona. Sikio la kushoto hukulipatia mpira kwa sababu si mpira. Wapinzani wakiwa wamejaa vituoni, wanangoja kukimbilia alama, na mkono wangu ukianza kutetemeka, analigusa. Maana yake ni "nipo". Basi. Nikiliona natulia, narusha ninaoutaka.

Jambo la mwisho nisilifiche, maana ndilo utakaloumia nalo. Nimekubaliwa kujitolea zahanati ya Kitomanga kuanzia Agosti. Posa ikipita, nitaishi huko na nitachezea huko. Najua kwamba mimi ndiye mrushaji pekee uliye naye. Nakupenda, mjomba, na ninataka ridhaa yako, si ruhusa tu. Ukiona huwezi, niandikie mwenyewe, usimwachie Romani anitangazie.

Mpwa wako,
Siti


Mchinga,
15 Julai 2024

Siti wangu,

Hongera ya mtihani. Nyumba nzima wazima, na goti nimelitesa wiki iliyopita kwa sababu ya haki.

Bahasha niliifungua nimesimama, nikamalizia kusoma nimekaa. Mwandiko wa mzee wa watu, amejaza majina ya babu zake mpaka wa nne. Nami nilikuwa naitumia kushika ukurasa wa takwimu za Abilahi. Niliona aibu mpaka nikafua ile leso mwenyewe, mara tatu, na doa la glavu halikutoka. Nimenunua nyingine.

Nilikwenda Kitomanga Jumatano na kanzu ileile ya watu wa timu ya taifa. Nilimkuta Romani uani. Nikamwambia, "Leo na mimi sijaja hivyo." Akaniwekea kigoda juani na kuniacha hapo mpaka adhuhuri, haki yake kama mtani. Baada ya hapo akanipeleka kwa baba yake Mfaume.

Yule mzee alinikaribisha. Nikamwomba radhi mbele ya mkewe na majirani, nikasema nimekosa kwa ujinga, si kwa dharau. Akaivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, nikajua nimekuharibia. Halafu akauliza kama ni kweli nilitaka Romani afue sare mpaka mwakani. Nikasema kweli. Mzee akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na watu wote ndipo wakapumua.

Nitakuambia ukweli, maana wewe umeniambia. Kulikuwa na mlango mmoja wa kutokea na niliuona. Kwa mila yetu ya zamani mume ndiye anayehamia kwa wakwe, akalima huko, akazeeka huko. Ningeweza kulidai hilo, na wazee wa pale wasingenipinga. Ningekupata wewe, ningempata Mfaume, Nane Nane ningelala usingizi. Neno lilifika mdomoni. Nikaikumbuka zahanati yako, nikalimeza. Mfaume alikuwa kaukalia mzizi wa mkorosho kwa mbali, anajifanya anashona glavu. Nikamwita. Nikamwambia mbele yao, "Mchukue. Na ule sahani mbili, hakuna atakayekusema tena." Sikutaka sauti yangu itetemeke lakini ilitetemeka, na Romani akageuka akatazama mikorosho, asinione.

Mahari tumeafikiana vizuri, baba yako mdogo ameridhia, nikahi ni Ijumaa tarehe 26 hapa kwetu. Sufuria imerudi. Jogoo nimempelekea Romani kwa mkono wangu, amechelewa miezi mitatu lakini ni mkubwa. Abilahi nimebaki naye. Ni mmoja kati ya kumi, ulikuwa sahihi.

Kijiweni wananiita mwenyekiti aliyegawa mdakaji msibani na mrushaji harusini. Waache. Mimi mwenyewe nalia usiku kidogo, mchana nacheka, na mama yako amechoka nami.

Nane Nane utakuja umevaa sare ya Kitomanga na utatufunga, hilo najua, nimekuandika daftarini miaka sita. Daftari nitaliacha nyumbani. Nitakaa benchi la Mchinga pale pale pangu, maana timu ni timu. Lakini wachezaji wetu wakijaa vituoni na mkono wako ukaanza kutetemeka, ukishamtazama mumeo, geuza macho upande wangu mara moja. Utamwona mzee mmoja ameshika sikio lake la kushoto.

Mjomba wako,
Abdala