Mume Wangu ni wa Federer, Moyo Wangu Uko kwa Nadal

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumapili, na usinione mjinga, maana mimi ni bibi arusi wa miezi minne na bado nikisikia geti linafunguliwa jioni moyo unaruka kana kwamba sijawahi kumwona huyo mwanamume anayeingia. Mume wangu ni kinyozi, ana vishimo viwili mashavuni na mikono inayonukia poda, na kila asubuhi kabla hajaondoka anageuza viatu vyangu vya kazini vielekee mlangoni ili nitumbukize miguu tu niende, sikumwomba, alianza mwenyewe siku ya pili ya ndoa, sasa utaniuliza mwanamke mwenye mume kama huyo ana shida gani.

Shida ni tenisi.

Mimi nauza kwenye duka la dawa. Alikuja kununua spiriti ya kusafishia mashine zake, simu mkononi inaonyesha mechi, akaniuliza, "Dada, umewahi kuona mtu anapiga mpira hivi?" Mimi nilikuwa nimeona vile vishimo tu. Nikasoma jina lililoandikwa chini kwenye kioo cha simu, nikasema, "Huyo Federer? Tangu niko shule nasema hakuna kama yeye." Mshauri, shuleni kwetu kulikuwa na kiwanja cha netiboli basi. Akaisahau spiriti pale kaunta, akarudi kesho yake kuichukua, keshokutwa akaja bila sababu, na hadithi hiyo ndiyo aliyoisimulia kwenye harusi yetu, kipaza sauti mkononi, machozi yakimlenga: "Huyu ndiye mwanamke wa kwanza kunielewa bila kuelezwa."

Baada ya harusi akaanza kunionyesha mechi za zamani, kichwa changu begani kwake, raha tupu, nami nikajifunza kweli, nikajua seti na raketi na nani alimfunga nani, mpaka tukafika fainali ya Wimbledon ya mwaka 2008, ile ambayo Nadal alimshinda Federer giza likiingia. Mume wangu huiangalia kama mtu anayetazama picha za msiba. Nikamwona Nadal anakaa kwenye benchi, anapanga chupa zake mbili za maji, moja mbele ya nyingine, nembo zikiangalia uwanjani. "Mtazame," mume wangu akasema, "anapanga chupa kama muuza duka. Cheza, bwana." Na mimi muuza duka, ambaye kila asubuhi nageuza chupa za dawa ya kikohozi moja moja mpaka majina yote yaangalie wateja, nikahisi kitu kifuani. Ilipopigwa pointi ya mwisho nilikimbilia jikoni kuangalia chai ambayo sikuwa nimeibandika, nikarukaruka peke yangu.

Sasa Jumapili wakwe zangu wanakuja kwetu kwa mara ya kwanza. Ukoo wao una desturi moja, anayeingia kwa ndoa lazima asimame baada ya kula, ataje mchezaji wake bora wa tenisi na kumtetea, huku baba mkwe, ambaye ni mwalimu mstaafu, akimuuliza maswali. Yeye na mama mkwe ni wa Nadal, mume wangu na wifi yangu ni wa Federer, wawili kwa wawili miaka yote, na mume wangu ameshampigia baba yake simu, "Mzee, jiandae. Nimeoa mwanasheria." Nikisema Federer nitakuwa nimedanganya ukoo mzima, nikisema Nadal nitamwaibisha mbele ya baba yake na hadithi yetu ya mapenzi itageuka uongo wa kaunta. Nifanyeje? Nampenda mno.

Wako,
Bibi Arusi wa Duka la Dawa

JIBU

Marahaba, bibi arusi, na hongera kwa hivyo vishimo. Sasa kaa nikuseme.

Ulidanganya. Uongo wenyewe ni mdogo, na kwenye uchumba umeenea kuliko mafua. Mimi nilimwambia baba watoto wangu kwamba napenda kupanda milima, nikapanda miwili kabla magoti hayajanisemea. Lakini uongo wa uchumba una tarehe ya kuharibika kama hizo dawa unazouza, na wako umebakiza siku chache. Njia ya mwongo ni fupi. Yako inaishia mezani, kwenye swali la tatu la mwalimu mstaafu.

Halafu unaogopa kisichostahili kuogopwa. Mumeo hatavunjika kwa sababu mkewe ni wa Nadal. Atavunjika akilisikia pamoja na wageni. Kwa hiyo Ijumaa, akimaliza mteja wa mwisho, nenda kakae kwenye kiti chake, mtazamane kwenye kioo, umwambie yote: spiriti, netiboli, chai ya uongo. Ngoja kwanza aweke wembe chini. Atanuna. Mwache anune, na siku hiyo usimtetee Nadal hata kwa neno moja.

Jumapili simama umtaje unayempenda, na umtetee kwelikweli, maana baba mkwe aliahidiwa mwanasheria. Kwa nini nyumba nzima ya watu wazima haimtaji Djokovic, mwenye mataji makubwa ishirini na manne kuwazidi wote wawili, hilo mimi sielewi, lakini sikualikwa.

La mwisho, mwanangu. Rudia barua yako pale kwenye viatu. Huyo anayewacheka wapanga chupa huinama kila asubuhi kupanga viatu vyako, pua zikiangalia mlangoni. Hukumsaliti mtu. Ulimwona mwanamume anayeweka kitu mahali pake kwa makini, ukampenda, kwa kuwa ulikuwa umeshaolewa na mwingine wa aina hiyo. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo, kwenye kioo.

Jumamosi asubuhi angalia mlangoni. Ukivikuta vimegeuzwa, nenda sokoni kwa ajili ya wageni wako. Ukivikuta vimelala hovyo, inama ugeuze vyake.